Spika ya Nguzo ya Mwisho

Mimi ndiye niliyekata waya. Naanza na hilo ili asije mtu akasema nimejificha nyuma ya mzungu. Mzungu aliomba na mkuu wa kijiji akaagiza, lakini aliyepanda nguzo na plaizi mfukoni ni mimi, Tui, msaidizi wa mkuu wa kijiji, mtu mzima mwenye mke, watoto wawili na akili timamu.

Nguzo yenyewe iko mwisho wa kijiji chetu cha Kithai, pale barabara ya saruji inapoishia na mashamba ya mpunga yanapoanza. Upande mmoja kuna ukuta mweupe wa Gerrit, mzee wa Kiholanzi aliyemuoa Nongyao wa hapa kwetu. Upande wa pili kuna nyumba ya mbao ya Bibi Khampun, iliyoinuliwa juu ya miti. Juu ya nguzo ilikuwapo spika ya bati, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi Mkuu Prasoet alikohoa ndani yake, akapiga wimbo mmoja wa filimbi za mianzi, kisha akasema ya siku: nani kafiwa, nani anaozesha, maji yatakatika lini, mbwa wapelekwe wapi kuchanjwa.

Bibi Khampun alikuwa mjane, hakubahatika mtoto, na alikuwa akijibizana na ile spika. Nimemsikia mwenyewe mara nyingi, yuko chini ya nyumba anatia kuni jikoni, mvuke wa wali wa kunata unamfunika uso.

"Prasoet, hicho kikohozi ni cha tangu juzi. Zahanati huijui?"

Spika inaendelea kutangaza mkutano.

"Mkutano tena? Ule wa mwezi jana mliamua nini, zaidi ya kula?"

Watu walimcheka, naye alicheka nao. Alisema huyu ndiye mwanamume wa kuishi naye, akimaliza maneno yake ananyamaza. "Marehemu mume wangu hakuwa na swichi," alisema.

Lakini chini ya mzaha huo kulikuwa na jambo, na kijiji kizima kililijua. Bibi Khampun alikuwa akisikiliza jina moja.

Alikuwa na dada mkubwa, Bunlom, aliyeishi kitongoji cha pili, ng'ambo ya bwawa, karibu na hekalu. Baba yao aliwaachia kiwanja chenye mkwaju. Mwana wa Bunlom alipougua figo, Bunlom akakiuza kile kiwanja kwa Nongyao bila kumwambia mdogo wake, na Khampun akajua siku alipokuta vigingi vimepigiliwa. Kesho yake ilikuwa siku ya kwenda hekaluni. Mbele ya watawa na akina mama wote waliokaa na masinia ya chakula mapajani, Khampun alisema, "Kuanzia leo sina dada. Nikifa asiguse jeneza langu."

Bunlom aliweka sinia chini, akaondoka. Hawakusemeshana tena kwa miaka kumi na moja. Mwana mwenyewe hakupona.

Ajabu ni kwamba Khampun hakuwa na kinyongo na mzungu aliyejenga juu ya kiwanja kile. Alimpelekea maboga, naye mzungu akamtengenezea pampu ya kisima. Alimwita "mdogo wangu". Kinyongo na dada yake nacho kilikuwa kimekwisha siku nyingi, kilichobaki ni lile neno, na neno zito ukilisema hadharani halirudi mdomoni kirahisi. Kila mwezi wa nne, mwaka wetu mpya, wadogo huwamwagia wakubwa maji ya maua mikononi na kuomba radhi. Kila mwaka Bibi Khampun alitayarisha bakuli la maji, akatia maua ya mlangilangi, akavaa, akafika mpaka tuta la bwawa, akarudi. Maji yale akamwagilia pilipili. Miaka kumi na moja pilipili zake zilinywa radhi ya dada yake.

Siku moja nilimkuta kwenye tuta na bakuli lake. Nikamuuliza, kwa mzaha kidogo, kama ameogopa nyoka.

"Tui, usinichokoze. Akitangulia yeye, nitapanda ngazi za tanuri na ua langu, nitamwomba radhi kabla hawajawasha moto. Nikitangulia mimi, atapanda yeye. Pale hakuna wa kumwonea mwenzake haya."

Kwetu ndivyo. Maiti hukaa siku kadhaa, kisha hupandishwa kwenye tanuri la hekalu, na kila mtu hupanda na ua la msandali, akaliweka, akasema kwa moyo wake: nilichokukosea nisamehe, ulichonikosea nimeachilia. Moto ukishawaka, umechelewa. Blauzi yake nyeusi ilikuwa imepigwa pasi na kukunjwa kabatini, na jozi ya mishumaa juu yake. Ndiyo maana alisikiliza ile spika kila asubuhi. Alikuwa na miaka sabini na sita, Bunlom themanini. Mmoja angetangulia hivi karibuni.

Sasa mzungu. Gerrit alikuwa dereva wa treni kwao mpaka alipostaafu. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana angekuwa mbaya hadithi hii ingekuwa rahisi kwangu. Anakula saladi ya papai bichi na samaki wa kuvundika, jasho linamtiririka, anasema tamu. Anaunganisha viganja kumsalimu kila mtu, hata watoto wa chekechea, mpaka walimu wao wakaona aibu. Wageni wenzake wakija kumtembelea huwazungusha kijiji kizima na kuwaonyesha: huyu anasuka mkeka, huyu anakaanga panzi, haya ndiyo maisha halisi. Tunatabasamu, wanapiga picha.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu alifika kwa Mkuu Prasoet na keki aliyooka mkewe. Mimi nilikuwapo. Kwa Kithai chake cha vipande vipande akasema, "Spika. Asubuhi. Kitanda yangu inaruka. Naweza kuomba kidogo kimya?"

Mkuu akacheka. "Haina shida, haina shida. Tutaangalia."

Mtu wa kwetu akiambiwa tutaangalia anajua amekataliwa, anakwenda zake, urafiki unabaki. Lakini mzungu alisikia alichoambiwa. Baada ya siku tatu akarudi na keki nyingine, akainama mpaka kiunoni, akashukuru kwa kazi ambayo haijafanyika.

Alipoondoka, Mkuu aliitazama ile keki kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

"Tui, tutafanyaje? Keshashukuru."

"Mwambie tu haiwezekani, Mkuu. Bibi Khampun yuko pale chini."

"Nimwambie vipi? Ametoa mabati ya zahanati. Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi nani?"

"Basi kata waya. Mmoja tu, wa nguzo ile ya mwisho. Bibi tutamwambia."

Nikapanda, nikakata. Tukasema tutamwambia Bibi. Mkuu alidhani nitamwambia mimi, mimi nilidhani atamwambia Mkuu, na kila mmoja alikuwa na haya na bibi kizee ambaye tumemnyang'anya mwenzake wa asubuhi ili mzungu alale. Kwingine watoto huambiwa kuuliza si ujinga. Sisi tunaambiwa usimtie mwenzako katika hali ya kujibu.

Baada ya wiki moja Bibi alinisimamisha njiani.

"Tui, siku hizi Prasoet anaongea kwa sauti ya chini, eti?"

Hapo ndipo ningesema. Alinifungulia mlango kabisa. "Nyaya zimechakaa, Bibi," nikasema. "Tutatengeneza."

"Ah, msijisumbue. Nilidhani ni masikio yangu."

Hakuuliza tena, asije akaonekana anatushurutisha. Upepo ukivuma kutoka hekaluni aliweza kusikia mvumo wa spika nyingine, sauti bila maneno, na hilo likamthibitishia kwamba masikio yamekwisha. Mimi nikasahau. Niseme kweli, mwezi wa pili ulipokwisha sikuwa nakumbuka kama nilikata chochote.

Mwezi wa tatu, wakati wa kumenya ukwaju, Bunlom akafa.

Binti yake, Wilawan, alikuja kwa Mkuu jioni ile ile, macho mekundu. "Naomba mtangaze vizuri jina la mama," akasema. "Sitaki kwenda kwa Mama Mdogo mwenyewe. Nikienda na akakataa, nitakuwa nimemwaibisha. Na akikubali kwa sababu nimesimama mlangoni kwake, itakuwa nimemlazimisha. Asikie kwenye spika, aje kwa moyo wake. Mama alisema tumweke siku tatu, ampe mdogo wake nafasi."

Nikaona ni busara. Sote tukaona ni busara. Asubuhi tatu mfululizo Mkuu alilitaja jina, na siku ya tatu alilitaja mara mbili. Nilikuwa nimekaa kando yake ninakunywa kahawa.

Siku ya pili nilikuwa nikigawa dawa ya viluwiluwi vya mbu, nikafika kwa Bibi Khampun. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mianzi chini ya nyumba, amezungukwa na maganda ya ukwaju. Hakuvaa nyeusi. Nikajisemea moyoni, mama huyu ana moyo wa jiwe.

Nikatia dawa kwenye mitungi yake. Akaniuliza, "Kijijini kuna habari gani?"

Mimi nikadhani ananipima. Nikadhani anataka nitaje mimi kwanza ili apate pa kumwaga hasira yake, na nani anataka kumwagiwa hasira ya dada wawili?

"Za kawaida tu, Bibi. Unazijua mwenyewe."

"Mimi nazijua wapi?" akasema, akacheka. "Mimi najua ukwaju."

Nikaona ni ukaidi. Nikamuaga, nikapanda pikipiki. Mwanamke mmoja aliyemletea kuni jioni ile naye alimwona vile, akamhurumia, akazungumza habari za jua. Hivyo ndivyo tulivyo watu wa hapa. Kila mmoja alimstahi, na hakuna aliyemwambia.

Siku ya tatu mchana tulimchoma Bunlom. Gerrit alikuja na mkewe, shati jeusi limepigwa pasi, akasimama kwenye foleni ya maua kwa utaratibu kuliko sisi. Nilimwona akipanda ngazi, akaweka ua lake, akainama, akashuka. Wilawan alisimama chini ya ngazi akitazama lango la hekalu. Mtawa mkuu alingoja kidogo, akamtazama, akangoja tena. Kisha fataki zikalia, moshi ukatoka.

Moto ukishawaka wageni huondoka. Gerrit alinipakia kwenye pikapu yake pamoja na viti vya plastiki vya kijiji, maana mkewe alibaki kusaidia vyombo. Tulipofika kwenye ukuta wake, Bibi Khampun alikuwa amesimama barabarani, kisu cha ukwaju mkononi, anatazama moshi juu ya bwawa.

Alimsemesha mzungu kwanza, maana mimi nilikuwa nyuma nimeshika viti.

"Mdogo wangu, nimesikia fataki. Leo wamemchoma nani?"

Gerrit alifurahi. Hilo silisahau. Alifurahi kwa sababu swali lote alilielewa, na jibu alikuwa nalo.

"Dada yako, Bibi," akasema. "Watu wengi. Nzuri sana. Mimi pia naweka ua."

"Dada yangu yupi? Mimi nina mmoja."

"Huyo. Mama wa Wilawan."

Bibi alinitazama mimi, juu ya viti. Nilijua saa ile ile. Nyuma ya kichwa chake niliona waya unaning'inia kwenye nguzo, ncha mbili, moja huku moja kule, kama nilivyoziacha mwezi wa kwanza.

Akamrudia mzungu.

"Umeweka ua?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ukamwambia nini?"

Gerrit hakuelewa, nikalazimika kurudia mimi. Bibi anauliza, ulipoweka ua ulimwambia nini marehemu. Akafikiri, akainua mabega. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba pale husemwa kitu. "Sisemi kitu," akajibu. "Nainama tu."

Bibi Khampun akatikisa kichwa taratibu, akaingia kwake. Kisu cha ukwaju alikiacha barabarani. Niliona mgongo wake ukipanda ngazi za nyumba na nikashindwa kumwita, mimi mwenye mdomo wa kutangazia kijiji kizima.

Kesho yake alfajiri, kwenye kuokota mifupa iliyobaki majivuni, alikuja. Amevaa ile blauzi nyeusi yenye mikunjo ya kabati. Wilawan alipomwona alimwangukia miguuni.

"Mama Mdogo, tulidhani umekataa. Tulitangaza asubuhi zote tatu. Mama alikungoja."

"Sikusikia, mwanangu," Bibi akasema. "Masikio yangu yamekufa tangu mwezi wa kwanza. Ningesikia ningekuja kwa magoti."

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la mifupa. Mkuu Prasoet alikuwa ubavuni mwangu, anatazama ndara zake. Bibi akachukua kipande kimoja cha mfupa, kidogo kama kokwa ya ukwaju, akakishika kwenye kiganja, midomo yake ikasogea. Akamwambia Wilawan, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Sijui kama bado anasikia."

Nikamsogezea sinia, akakirudisha kile kipande.

Nilikwenda kwa Gerrit siku hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwambia mzungu jambo lisilopendeza. Nilimwambia lote: waya, spika, dada wawili, ua. Nongyao alitafsiri huku analia. Gerrit akakaa kwenye kiti, uso umekuwa mweupe zaidi ya ulivyo.

"Kwa nini hamkuniambia hapana?" akauliza. "Nina vyumba viwili nyuma ya nyumba. Ningehamisha kitanda."

Vyumba viwili. Nimevifikiria vile vyumba viwili kuliko nilivyofikiria jambo lolote.

Nikapanda nguzo, nikaunga waya. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikaenda kusimama pale chini. Saa kumi na mbili Mkuu akakohoa, filimbi zikalia, spika ikapasua kitongoji. Ilikuwa habari ya chanjo ya mbwa. Bibi Khampun akatoka na kikapu cha wali wake wa sadaka, akasimama chini ya nguzo, uso juu, akasikiliza mpaka neno la mwisho. Safari hii hakumjibu Prasoet.

"Kumbe nasikia," akasema.

"Unasikia, Bibi. Waya ulikatwa. Mzungu alishindwa kulala, akaomba. Mkuu akaona haya kumkatalia. Nikakata mimi. Uliponiuliza nikakudanganya."

Nilingoja matusi. Niliyataka. Mtu akikutukana anakupa nafasi ya kulipa kidogo.

"Na mimi nikaona haya kukuuliza mara ya pili," akasema. "Na Wilawan akaona haya kuja mlangoni. Na mimi miaka kumi na moja, haya ya nini, sijui." Akalipanga upya jani la mgomba juu ya wali. "Watu wenye adabu sana sisi, Tui."

Watawa wakapita, akapiga magoti, akawatilia wali, donge moja kila bakuli. La mwisho alilishika muda mrefu kabla ya kuliachia.

Alinyanyuka kwa kushika bega langu. Ng'ambo ya ukuta tulimsikia Gerrit akivuta kitanda sakafuni, anakipeleka nyuma, mguu wa kitanda unakwaruza vigae.

"Mwambie aache kujichosha," Bibi akasema. "Umekuja na plaizi?"

"Bibi?"

"Panda ukaukate tena. Yule ni mzee, alale. Jina nililokuwa nikilisikiliza limekwishatajwa."

Nikamwambia siwezi. Akasema ninaweza, nilikwisha kuweza. Nikapanda. Alinishikia ndara zangu chini mpaka niliposhuka.